Bangili Zisizo Safi

Ndugu zangu mlioketi mbele, na mama zetu mlio nyuma ya pazia, Mwenyezi Mungu aipokee swala yetu ya alasiri ya leo. Sitawaweka sana. Nitasema polepole, maana siku hizi ndivyo nilivyo, na sababu mnaijua. Mlikuja nyumbani kwangu nyote mkanipa mkono. Nina mfano mmoja tu wa kuwapa, na mfano wenyewe ni wa dhahabu. Naona baadhi ya wanaume wameanza kuangalia mlango. Kaeni. Unawahusu nyinyi pia.

Kulikuwa na mwanamke mmoja katika mji kama huu wetu, mji wa vichochoro, wenye mtaa mmoja wa masonara. Mwanamke huyu aliolewa akiwa msichana mdogo, na alipoulizwa anataka mahari gani, hakutaka fedha wala kitanda. Alisema, "Nataka bangili mbili za dhahabu. Nataka kitu nitakachokivaa, si kitu cha kuficha kabatini." Kijana aliyemposa akahangaika, akazipata. Bangili mbili nene, zimechorwa maua ya asumini kuzunguka pande zote, petali kwa petali.

Basi akazivaa. Akazivaa jikoni na kisimani, arusini na matangani, akilea na akiuguza. Mkono ukanenepa kadiri miaka ilivyokwenda, bangili zikawa hazipiti tena kiganjani, na wala hakuhangaika, kwa kuwa hakuwa na haja ya kuzivua. Jirani zake walijua kwamba anakuja kabla hawajamwona. Walisikia zile bangili mbili zikigongana, wakasema, "Huyo anakuja, wekeni chai."

Kisha mume wake akaugua, akaugua muda mrefu, akafa.

Mnaijua desturi yetu. Mwanamke aliyefiwa na mume huingia eda, huvua mapambo yake, hukaa nyumbani akamlilia mwenzake kwa adabu. Aliyemvua bangili alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo laini. Alimpaka sabuni mkono mzima, akazivuta moja moja taratibu zipite kwenye vifundo, na wote wawili machozi yanawatoka. Katikati ya kilio wifi akasema, "Mkono gani huu, wifi? Kama mguu wa meza!" Wakacheka. Kisha wakakumbuka, wakarudi kulia. Waliofiwa hapa wananielewa. Kicheko na kilio hukaa chumba kimoja siku zile.

Bangili zikafungwa katika kitambaa, zikatiwa sandukuni.

Katika eda yake yote mwanamke huyu alikuwa na kazi moja. Kila akimaliza kuswali hakuinuka kwenye msala wake wa kuswalia. Alibaki pale pale, akafumbua viganja vyake, akamtaja mume wake kwa jina lake na jina la baba yake, akamwombea. Alikuwa akisema, "Mola wangu, huyu alikuwa mtu mwema kwangu." Hakuwa na maneno mengine. Hakusoma sana. Na mimi nawauliza, alihitaji mengine? Mtu akishafariki hapikiwi tena, hapigiwi pasi kanzu, hafunguliwi mlango akigonga usiku. Kila kitu ulichozoea kumfanyia kinakoma siku moja. Linabaki lile moja tu. Na mwanamke huyu alilishika kwa mikono miwili, kwa sababu ndilo lililombakishia mume.

Eda ikaisha. Akaoga, akabadili nguo, akafungua sanduku. Bangili alizozitoa mle hazikuwa zile alizozijua. Zilikuwa zimefifia, rangi yake imekufa, na katikati ya petali za asumini kulikuwa na weusi, kama mistari ya wino. Akajisemea, "Sitazivaa hivi. Nitampelekea sonara azing'arishe, nirudi nazo mkononi."

Akajitanda buibui, akaenda.

Sasa nisikilizeni hapa kwa makini, maana mambo yote yameharibikia hapa.

Sonara yule alikuwa mzee mwenye kazi yake. Mjane alipoingia, alimkuta ameinama juu ya kijimoto kidogo, mrija wa shaba uko mdomoni. Masonara wa kizamani hupuliza moto kwa mrija, wakauelekeza ule ulimi wa moto mahali padogo kama punje ya mchele, ili kile kiungio kiyeyuke na kushika. Kikishaanza kuyeyuka, sonara hawezi kuacha. Akiacha, kazi imekwisha. Siku ile alikuwa akiunga hereni ya mtu. Na kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mwanamke mmoja aliyejipaka hina mpya, mwenye harusi nyumbani, anangoja.

Mjane akaweka bangili zake mezani. Akasema, "Baba, nitazamie hizi."

Sonara akainua macho kidogo. Akazigeuza kwa kidole. Akautoa mrija mdomoni, akasema, "Hizi si safi, mama. Ziache."

Kisha akaurudisha mrija mdomoni, akainamia moto wake.

Nyinyi mlioketi hapa, mmesikia nini?

Hizi si safi. Ziache.

Maneno manne. Yule mwanamke alisikia nini? Alisikia kwamba dhahabu yake si dhahabu safi. Alisikia kwamba ni bandia, aachane nazo, azitupe. Na kama hayo hayakutosha kumchoma, yule wa kwenye benchi akamgeukia kwa huruma ile ya watu wanaofurahi kidogo, akamwambia:

"Pole, shoga. Usijione uko peke yako. Zamani wengi walivishwa shaba, na vigelegele tukapiga."

Mjane alizoa bangili zake, akazifumbata ndani ya buibui, akatoka. Hereni ilipomaliza kushika, sonara aliinua kichwa akitaka kumwambia neno, akakuta mlango mtupu.

Ndugu zangu, mwanamke huyu alifika nyumbani akafanya jambo ambalo hata mimi na wewe tungelifanya. Akataka kuujua ukweli kwa mikono yake. Alichukua majivu, akachukua mchanga na makumbi ya nazi, akaketi uani kwenye kigoda, akaanza kuzisugua zile bangili. Alisugua kama mtu anayesugua sufuria ya wali ulioungua. Alitaka kuona kama ile rangi ya njano itatoka na shaba itajitokeza. Akasugua mpaka kucha zikauma. Bangili zikapata mikwaruzo juu, mingi, ya kila upande. Lakini ule weusi wa kati ya petali ukabaki pale pale. Akaukazia macho, akasema, "Kumbe ndiyo rangi yenu."

Magharibi ikaadhiniwa. Akaswali. Alipomaliza alifumbua viganja kama ilivyokuwa kawaida yake, akataka kumtaja mume wake.

Jina halikuja.

Alilijua jina. Nani angelisahau? Lakini midomo iligoma. Maana kila alipotaka kusema, "Huyu alikuwa mtu mwema kwangu," kulikuwa na sauti nyingine inamwambia, "Una hakika?" Kama mahari ilikuwa ya uongo, ndoa ilikuwa nini? Alipokuwa akinitazama nikizivaa kila siku, miaka yote ile, alikuwa akinicheka moyoni? Na yale mengine aliyoniambia je? Aliposema yuko safarini, alikuwa safarini? Aliposema ananipenda?

Mnaona jinsi linavyokwenda? Tundu moja dogo, na maji yanaanza kupita. Yule mwanamke alifiwa na mume mara moja, akamlilia, akasubiri. Sasa alikuwa akifiwa naye mara ya pili, na safari hii hakukuja mtu kumpa pole, kwa sababu hakuna aliyejua.

Akashusha viganja vyake vitupu. Akainuka. Ikawa hivyo isha, ikawa hivyo alfajiri, ikawa hivyo siku zilizofuata. Anaswali, anatoa salamu, anakunja msala.

Wa kwanza kugundua alikuwa wifi. Alikuwa akija mara nyingi jioni wakaswali pamoja, na alizoea kumngoja mwenzake amalize maombi yake marefu. Jioni moja akaona msala umekunjwa yeye mwenyewe hajatoa hata salamu ya pili.

"Wifi," akasema, "una nini? Mbona umeswali kama mtu aliyeacha kitu jikoni?"

"Sina kitu."

"Huna kitu! Na kaka yangu je? Leo hana zamu?"

Mjane akaenda sandukuni, akatoa kile kitambaa, akakiweka mapajani mwa wifi yake.

"Kaka yako," akasema, "alinivika shaba."

Wifi alizitazama bangili. Akamtazama mwenzake.

"Nani kasema?"

"Sonara."

"Kasemaje?"

"Kasema si safi. Kasema niziache."

"Na wewe ukamwuliza nini?"

"Nimwulize nini tena, wifi? Watu wameketi pale wananitazama. Nilitamani ardhi inimeze."

Wifi alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini nasikia alipokasirika alionekana mrefu. Akasema, "Sikiliza. Mimi nilizaliwa nyuma ya yule mtu, nikabebwa mgongoni mwake. Alikuwa mbishi, alikuwa mchelewaji, na kukoroma alikuwa akikoroma, hilo unalijua kuliko mimi. Lakini mwongo hakuwa. Na hata kama alikuwa, sasa yumo kaburini, hana mdomo wa kujitetea. Atasemewa na nani kama si sisi? Vaa buibui lako."

"Wifi, kesho."

"Vaa buibui!"

Basi wakatoka, mmoja mbele amekaza mwendo, mwingine nyuma anaburuta miguu. Na nitawaambia kilichokuwa moyoni mwa yule wa nyuma. Alikuwa akiogopa. Hofu yake haikuwa ya dhahabu, mbele ya Mungu nasema hivyo. Alikuwa akiogopa kwamba sonara atasema ndiyo, ni shaba, na kwamba tangu saa ile hataweza kumwombea mume wake mpaka siku yake mwenyewe ya kufa. Ukishakuwa na shaka unaweza kuifumbia macho kidogo, ukaipuuza. Ukishakuwa na hakika utafanyaje?

Walimkuta sonara amekaa, moto umezimwa, mdomo mtupu. Alipomwona mjane akainuka kitini.

"Mama! Wewe ndiye uliyenikimbia? Nilikuambia uniachie, ukaondoka nazo!"

Wifi akaingia kati kabla mwenzake hajafumbua mdomo. "Baba, ulimwambia mwenzangu hizi bangili si safi. Sasa mwambie tena mbele yangu, na useme vizuri, maana mtu wetu amelala kaburini na neno lako liko juu yake."

Sonara alizichukua bangili, akaziinua kwenye mwanga, na uso wake ukakunjamana.

"Nani amezisugua hizi kwa mchanga?"

"Ni mimi," mjane akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka kuona ndani yake kuna nini."

"Mchanga hauonyeshi kitu. Unachuna tu." Alipitisha kidole kwenye ile mikwaruzo, kama daktari anayempapasa mtoto mahali palipouma. "Mimi nilisema si safi kwa sababu zimechafuka. Tazama hapa, katikati ya maua, uchafu umegandamana. Nikasema ziache, maana yake ziache hapa kwangu nizioshe, nikimaliza hereni ya watu. Nilikuwa na moto mbele, mrija mdomoni. Nilisema kwa ufupi. Kosa ni langu."

Wifi aliketi kwenye benchi kwa kishindo. "Subhanallah! Yaani ni maji na sabuni!"

Lakini mjane hakuketi. Moyo ukishatiwa shaka hautulii kwa neno moja. Akasema taratibu, "Baba, umesema ni chafu, nimesikia. Sasa niambie ule usafi mwingine. Ni dhahabu safi, au si safi?"

Sonara alimtazama kidogo. Akavuta kijiwe cheusi laini, akaiburuza bangili juu yake, ikaacha mstari mwembamba wa njano. Akadondosha juu ya mstari tone la dawa kali. Wote watatu wakainama. Mstari haukuondoka.

"Ingekuwa shaba, ingekuwa imeshafutika," akasema. "Ni dhahabu. Ni karati kumi na nane."

"Ndiyo kusema safi?"

"Hapana, mama. Sitakudanganya. Dhahabu tupu, isiyochanganywa na kitu, huhesabiwa mafungu ishirini na manne. Katika hizi, mafungu kumi na nane ni dhahabu. Sita ni shaba na fedha."

Uso wa mjane ukaanguka tena. Wifi akaanza kusema, "Kumbe mlituchanganyia nyinyi masonara!" Lakini mzee alikuwa ameshafungua mtoto wa meza. Akatoa kipande kidogo cha dhahabu, cha njano iliyoiva, akamwekea mjane kiganjani.

"Hicho ndicho safi. Ishirini na nne. Kibonyeze kwa ukucha."

Akabonyeza. Ukucha ukaacha alama, kama kwenye sabuni iliyolowa.

"Umeona? Ningekutengenezea bangili ya hicho, ukaivaa leo, kesho ungeniletea kitu kama yai. Ulikuwa ukifanya kazi gani nazo mkononi?"

"Kazi zote."

"Kama zipi?"

"Kukuna nazi. Kukanda unga. Kufua, kutwanga. Kuinua mgonjwa."

"Miaka yote hiyo, na mviringo wake uko vile vile. Basi hayo mafungu sita, mama, ndiyo yaliyoyashika yale kumi na nane. Bila hayo usingekuwa na kitu cha kuvaa."

Mjane akamrudishia kile kipande.

Sonara akamimina maji ya uvuguvugu katika bakuli, akatia sabuni kidogo ya kuogea, akazitumbukiza bangili. Akawaambia, na mama zangu mlio nyuma ya pazia hili nawapeni bure, akawaambia kwamba hivi ndivyo dhahabu inavyooshwa: maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, mswaki laini kama wa mtoto mchanga. Majivu hapana, mchanga hapana. Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ndiyo kabisa hapana. Ukiwa na ufuaji wa dawa ile vua kwanza, kwa kuwa inaila ile shaba na fedha iliyomo na dhahabu inapasuka. Mafuta na marashi jipake mapema, dhahabu uivae mwisho. Na unapoiweka, kila kipande kitambaa chake, maana dhahabu hukwaruzana yenyewe kwa yenyewe. Wifi akasema, "Kama ndugu." Sonara akasema, "Kama ndugu."

Kisha akaitoa bangili ya kwanza, akachukua kijiti chembamba, akaanza kuuchokonoa ule weusi kati ya petali. Ulikuwa umelainika kwa yale maji ya uvuguvugu. Ulitoka kama nta. Akaunusa, akashangaa.

"Hiki ni nini? Si masizi hiki. Si unga."

Na hapo hapo ile harufu ikapanda na mvuke kutoka kwenye bakuli, ikajaa duka zima. Harufu ya mafuta ya karafuu yaliyochemshwa na mafuta ya nazi.

Wifi ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii ni harufu ya chumba cha kaka."

Ndugu zangu, mume wa mwanamke yule alipougua, miguu yake ilikufa nguvu. Na yeye, asubuhi na jioni, muda wote wa ugonjwa ule, alikuwa akimchua miguu kwa mafuta yale aliyoyachemsha mwenyewe. Alimchua nyayo na mashavu ya miguu, akapanda mpaka magoti. Mafuta yakamtiririka vidoleni, yakafika kwenye kifundo cha mkono, yakaingia chini ya bangili asizoweza kuzivua. Yakaganda mle. Kesho yake yakaja mengine juu ya yale. Mume wake alikuwa akimtania, akimwambia, "Taratibu, bibi wee, mimi si chapati." Naye akimjibu, "Ungekuwa chapati ungeshaiva." Hivyo ndivyo walivyokuwa wakikesha na ule ugonjwa.

Ule weusi haukuwa shaba. Haukuwa udanganyifu wa mtu yeyote. Ulikuwa ni kumpenda kwake, kumeganda mkononi mwake.

Aliposimama mbele ya sonara akaambiwa si safi, lile lililoitwa si safi lilikuwa ni hilo. Na kwa hilo hilo aliacha kumwombea mume wake.

Alisimama pale, hakulia kwa sauti. Aliingiza mikono yote miwili katika lile bakuli la maji machafu yenye joto, kama alivyokuwa akiiingiza katika mafuta, akaiacha mle. Sonara akageuka upande, akajifanya anatafuta kitambaa. Na pale dukani, mikono ikiwa majini, jina likamjia. Jina lake na jina la baba yake. Akalisema. Akasema, "Mola wangu, huyu alikuwa mtu mwema kwangu, nami nilimdhulumu siku kadhaa. Usimnyime kwa ajili yangu."

Wifi akasema, "Amina." Hakuongeza neno, na hilo kwake lilikuwa jambo kubwa.

Sonara alipomaliza kuzifuta kwa kitambaa cha pamba, maua ya asumini yakaonekana tena yote. Ile mikwaruzo ya mchanga ilibaki. Aliuliza kama aisawazishe, akasema lakini atalazimika kuondoa na dhahabu kidogo. Mjane akakataa. Akapokea bangili, akazivaa, na mara hii hazikuhitaji sabuni. Mkono ulikuwa umekonda.

Mfano umeishia hapo. Sasa nawageukia nyinyi, na najigeukia mwenyewe.

Sisi tunalo neno moja la kusemea vitu viwili. Kitu kisichochanganywa tunakiita safi, na kitu kilichooshwa nacho tunakiita safi. Na kwa hiyo tunafanya kosa hili kila siku, katika nyumba zetu na hata humu barazani mwa msikiti. Mtu anatajwa mbele yetu, anayemtaja ana mrija mdomoni, ana haraka zake, anasema, "Yule si safi." Sisi hatuulizi. Hatusemi, "Una maana gani?" Tunazoa tulichosikia, tunakimbia nacho nyumbani, tunakaa uani tunasugua. Tunachimbua maneno yake ya zamani, safari zake, vicheko vyake. Tunasugua kwa mchanga. Na mikwaruzo tunayoitia sisi, ndugu zangu, hata maji ya uvuguvugu hayaiondoi.

Nani kati yetu ni karati ishirini na nne? Anyanyue mkono nimwone. Mimi sikumwoa malaika. Na yeye, Mungu amrehemu, hakuolewa na malaika. Mola alituumba kwa udongo, akijua anachofanya, na akatuambia tuoshe: tutie udhu, tutubu, tuombane radhi. Hakutuambia tuyeyuke tuwe wengine. Yale mafungu sita ya mwenzako, ule ubishi wake, ule ukali wake, ile tabia yake ya kuchelewa, huenda ndiyo yaliyoishikilia nyumba yenu isipinde.

Na ule weusi je? Kijana, unapomwonea haya mama yako mbele ya rafiki zako kwa sababu kanga yake inanuka moshi, moshi ule ni wa kukupikia nani? Mke, unaposema mikono ya mume wako imekuwa migumu kama gome, iligeuka hivyo ikimtafutia nani? Uchafu mwingine wa watu tunaowaona si safi ni sisi tuliowapaka, walipokuwa wakituchua miguu.

Kama kuna aliye hai ambaye umeacha kumwombea kwa neno ulilolisikia nusu, nenda leo kabla ya magharibi. Kamwulize. Sema, "Nilisikia hivi, hebu niambie." Aliye hai ana mdomo.

Na kama ameshatangulia, hana. Basi msemee wewe.

Sitawasomea dua ndefu leo. Fumbueni viganja vyenu. Nitanyamaza kidogo, na katika kunyamaza huko kila mmoja wetu amtaje mtu wake, kwa jina lake na jina la baba yake, amwambie Mola kwamba huyu alikuwa mwema kwangu. Msione haya mkichelewa. Nami nitamtaja wangu.